Goti ya Honorine na Kuku ya Bernadette

Hii habari munaenda kuikataa. Ninajua. Mutasema muzee Isidore amekunywa mandale, amelala, ameota, na sasa anatuandikia ndoto. Semeni. Mimi nilisoma mpaka mwaka ya tano ya primere, mwalimu akanifukuza juu nilikuwa namushinda maneno, na tangu siku ile hakuna mutu katika Bunia hii amenishinda tena. Kwa hiyo nikiwaambia ya kama mwanamuke muzima, mwenye akili na masini ya kushona, alifungwa na kuku kutoka Noeli mpaka kupita Pasaka, na kuku yenyewe haikuwa na kamba, nyamazeni tu musome.

Mwanamuke mwenyewe iko hapa. Anaitwa Honorine, mutoto wa dada yangu, njo maana ananiita noko. Ameketi kwenye kizingiti anachambua maharagi, mimi ninaandika na kusoma kwa sauti, na ameshaniambia ya kama nikiongeza hata chumvi kidogo atanikata maneno palepale. Ni vile anaongea. Tangu utoto wake anaongea sawa mutu anayefunga mulango.

Honorine anashona nguo kule Yambi, kwa masini ya zamani ya kukanyaga na muguu. Anashona nguo za shule, anashona liputa za kwaya, na mbele ya kufungua masini, kila asubuhi, anakimbia. Hapa lazima nieleze, juu hata siye wa nyumbani hatukuelewa upesi. Huku Ituri watu wengi wamekimbia. Mimi mwenyewe nimekimbia mara nyingi, sufuria kichwani, na hakuna mutu alinipa medali. Lakini siye tulikimbia juu kulikuwa kitu nyuma. Honorine anakimbia bila kitu nyuma. Anapita Mudzi Pela, anapanda vilima kwa njia za ngombe, anashuka kwenye kijito, anarudi na matope mpaka masikio. Mwanzoni wamama wa mashamba walikuwa wanasimama kumuuliza nani anamufuata. Yeye anajibu hakuna mutu. Basi walikuwa wanaanza kufunga mizigo yao, juu mutu akikimbia vile na kusema hakuna kitu, kitu yenyewe ni kubwa.

Kipaji ile ilitoka kwangu. Alipokuwa mudogo nilikuwa namutuma kununua tumbako, ninatema mate chini, ninamwambia arudi mbele mate haijakauka. Kwa hiyo antrenere wake wa kwanza ni mimi. Yeye anasema mate yangu ilikuwa inakauka mbio juu hata mate ninaitoa kwa uchoyo. Muache aseme.

Sasa, kuko ekipe ya watu wanaokimbia vilima, na mukubwa wake ni Hippolyte, fundi wa milango ya chuma, mutu ambaye hacheke, hata mulango ikianguka juu ya adui yake. Katika ekipe ile kulikuwa wanawake watatu. Wa kwanza Honorine. Wa pili Arlette, binti ya Mama Vahwere, mwenye miguu mirefu na ulimi murefu kuipita. Wa tatu Espérance, musichana mupole ambaye anakimbia sawa mutu anayeenda kurudisha sahani ya jirani. Honorine na Arlette walichukiana sawa jogoo mbili katika lopango moja, ua moja. Mumoja akinunua viatu, mwingine anasema ni vya mutu aliyekufa. Mumoja akitangulia, mwingine anasema leo nilikuwa na malaria. Espérance hakuna mutu alimuchukia, juu hakuna mutu alimuogopa.

Mwaka ile ekipe ilialikwa Fort Portal, kule Uganda, kwenye mbio kubwa ya milima. Nafasi ya mwanamuke ilikuwa moja tu. Hippolyte akasema mambo ni rahisi: siku ya pili ya Pasaka tunakimbia hapa kwetu, mwanamuke atakayetangulia, njo huyu atavuka mupaka. Honorine hakuwa amevuka hata mupaka ya Ituri. Akaanza kujishonea nguo ya safari kabisa. Nguo ya kijani, na mifuko mbili. Mimi nilimwambia mutu hashone nguo ya harusi mbele hajapata bwana. Akaniuliza mimi tangu lini ninajua habari ya kushinda kitu.

Kukabaki siku kidogo Noeli ifike. Walikuwa wanashuka mulima, Arlette na yeye, bega kwa bega, pale mahali tunaita Shingo, juu njia inapungua pale sawa shingo ya chupa. Watu wawili hawapite pale pamoja. Hata ngombe zinajua. Lakini wale wawili, nani angesimama kumupitisha mwenzake? Honorine akaanguka. Akasikia goti ya kuume ikitoa neno moja, kak, na kisha muguu ikakataa kuwa yake.

Yeye anasema Arlette alimusukuma. Arlette anasema Honorine alikanyaga jiwe. Hippolyte alikuwa nyuma na hakuona, na kwa vile ni mutu ambaye hacheke, tunamuamini.

Hospitali walimupiga picha. Munganga wa mazoezi, ule wanaita kine, akasema mishipa ya goti imevutika lakini haikukatika, apumuzike, kisha anyooshe kidogo kidogo. Ni muzuri. Lakini siye huku tunasema picha inaonyesha mahali inauma, na mikono njo inaponyesha. Na mikono ya kuponyesha mifupa na magoti, katika kartie yetu na kartie zote zilizoizunguka, ni ya mutu mumoja. Ni ya Mama Vahwere. Mama ya Arlette.

Honorine akasema heri akatwe muguu.

Dada yangu akamubeba kwa moto, ile pikipiki ya kulipia, mpaka kule, mimi nikaenda nyuma ili nione vita. Mama Vahwere alikuwa anatwanga majani. Ni mwanamuke mufupi, mikono mikubwa sawa ya mwanaume anayefyatua matofali. Hakumwambia mutu karibu. Akaangalia goti, akaangalia uso, akarudi kwa goti.

Honorine hakungoja kuulizwa. Akasema: «Mutoto yako njo alinisukuma.»

«Mutoto yangu anasema ni jiwe.»

«Jiwe haina mikono.»

«Basi uende kwa mama ya jiwe akuchue,» Mama Vahwere akajibu, na akashika goti palepale, na Honorine akapiga kelele ambayo mbwa za Mudzi Pela ziliitikia. Kisha mama yule akasema, bila kuinua macho: «Sikiliza muzuri. Mimi sikupende, na weye haunipende. Ni muzuri vile. Mutu ninayemupenda ninamuchua na huruma, na huruma inachelewesha.»

Halafu akaomba kuku.

Kwa wale ambao hawajue mambo ya huku, ninaeleza. Mutu akivunjika, munganga wa mifupa anachukua kuku, anaivunja mahali palepale, anaifunga na majani yaleyale na vijiti vilevile. Munagonjwa pamoja, weye na kuku. Kuku inalala kwako, inakula kwako. Ikitembea, weye pia umepona. Wazungu wako na picha yao, siye tuko na kuku yetu, na kuku haiombe umeme. Goti ya Honorine haikuvunjika, lakini Mama Vahwere alisema goti ni goti, na kuku pia iko nayo, hata kama inaipinda kwa nyuma sawa mutu mwenye majivuno.

Kuku yenyewe nani aliitoa? Bibi yangu wa ndoa, Bernadette. Tanti Bernadette, vile Honorine anamuita. Alikuwa na kuku moja nyeusi, shingo nyeupe, inataga sawa imetumwa. Aliipenda kuku ile kunipita mimi, na sikumulaumu, juu mimi sitage. Akaitoa, juu mutoto wa wifi yake hawezi kukosa goti kwa sababu ya kuku. Mama Vahwere alipoikunja muguu, Bernadette akaenda kusimama nyuma ya nyumba.

Mama Vahwere akaweka sheria mbele yetu wote. «Kuku ikisimama, weye utasimama. Ikitembea, weye utatembea. Siku itaruka yenyewe kwenye fito yake ya kulala, siku ile utakimbia. Ukikimbia mbele ya siku ile, usirudi hapa.»

Fito munajua. Ni ule muti wa kuvuka katika nyumba ya kuku, ambapo zinapanda kulala jua ikiingia. Na Hippolyte aliposikia, akatia muhuri: kama kuku haijaruka, Honorine hakimbie Pasaka. Alisema mutu asiye na goti hataleta kilio kwenye ekipe yake.

Unaona vile mwanamuke alifungwa.

Siku zile nyumba yetu ilikuwa vita. Honorine alihamia kwangu, juu kwangu njo kuku iko, na lazima aipe chakula na mukono yake. Kuku ilimuchukia. Alikuwa anaweka mahindi kwenye kiganja, inamudonoa kwenye vidole, halafu inakula mahindi chini. Yeye akaipa jina. Akaiita Arlette, ili apate kuitukana kila asubuhi bila mutu kumuitia wazee. Majirani walikuwa wanasikia tu: Arlette, simama, muvivu. Arlette, macho sawa vifungo. Arlette, mama yako alitaga yai viza akasema ni mutoto.

Na Arlette mwenyewe alisikia, juu alikuwa anapita njia yetu makusudi kila asubuhi, anakimbia, viatu vipya. Akasimama kwenye lopango yetu, akaangalia kuku imefungwa vijiti, akamuangalia Honorine amefungwa vijiti, akauliza kwa sauti ya kanisani kama hawa wawili wako wanafanya mazoezi ya kwaya. Honorine akamutupia sahani ya mahindi. Kuku ilikula siku ile sawa Noeli.

Kule kwa Mama Vahwere mambo haikuwa tamu zaidi. Majani ya moto, mafuta ya mawese, vidole gumba viwili sawa vyuma. Honorine anauma kitambaa, Mama Vahwere anamuuliza kama anauma kitambaa ya mteja. Hawakuambiana asante hata siku moja. Nilimuuliza Honorine kama goti inapata nafuu. Akasema ndiyo, na kwamba njo kitu kinamuudhi zaidi.

Masini ilikuwa inakanyagwa na muguu ya kushoto, ya kuume imenyooshwa juu ya kiti. Nguo za shule mwaka ile zilitoka na mushono iliyopinda. Watoto wa Yambi walienda shuleni wameinama upande moja. Munaweza kuuliza.

Mwezi ya pili kuku ikasimama. Honorine akasimama. Kisha ikatembea, ikichechemea, na yeye akatembea, akichechemea, wote wawili wanazunguka lopango jioni, hawaangaliane, sawa mume na bibi waliogombana sokoni. Mvua ya kwanza ikaanza. Pasaka ikawa karibu. Na kuku ilikuwa inatembea, inachokora, inakula sawa mufalme, lakini kuruka, hapana. Jua ikiingia zingine zinapanda fito, yeye anabaki chini anaangalia juu, sawa mutu aliyesahau funguo.

Honorine hakulala kwa hasira. Akaanza kusema Mama Vahwere aliiharibu kuku makusudi ili mutoto yake aende Fort Portal. Akasema majani ilikuwa ya uongo. Nguo ya kijani alikuwa ameitundika kwenye musumari mbele ya kitanda, na kila mutu aliyepita karibu nayo alipata tusi.

Sasa musikilize. Jioni moja, wiki mbili mbele ya Pasaka, anatoka kumwaga maji, anachungulia nyumba ya kuku, na anaona nini? Kuku nyeusi, shingo nyeupe, iko juu ya fito katikati ya wenzake, imefumba macho. Vijiti vimeanguka zamani. Iko kule juu sawa askofu.

Aliita lopango nzima. Aliita na lopango ya jirani. Nilikuja, nikaona na macho yangu. Hippolyte akaitwa, akaja na miwani yake ya kuchomelea kwenye paji, akachungulia, akasema ni sawa, Pasaka utakimbia. Bernadette alikuwa anapika mboga ya lenga-lenga, akauliza kelele ni ya nini, hakuna mutu alimujibu. Nani anajibu mutu wa jikoni siku ya furaha? Kesho yake Honorine akarudi kuangalia jioni, kuku iko juu tena. Basi. Ushahidi mbili.

Asubuhi iliyofuata akavaa viatu vyake. Akapanda vilima sawa mutu anaenda kudai ngombe yake. Kupanda, goti ikanyamaza. Kushuka, kwenye mutelemuko mudogo tu, wala hakuwa amefika Shingo, goti ikafunguka sawa mulango bila kitasa. Alirudi kwa moto ya mutu asiyemujua, goti imevimba sawa mukate ya saa kumi na mbili.

Hakuingia nyumbani. Alimwambia mwenye moto amupeleke moja kwa moja kwa Mama Vahwere, na siye tukakimbia nyuma, Bernadette, dada yangu na mimi. Tukakuta watu wamejaa kwenye njia. Honorine alikuwa anasema kila kitu alichokuwa ameweka tumboni tangu Noeli. Ya kama Mama Vahwere ni mwizi wa magoti. Ya kama anamuvunja mutoto wa watu ili wake apande ndege ya Uganda, hata kama Uganda tunaenda na barabara. Arlette alikuwa kwenye mulango, mikono kiunoni, anajibu neno kwa neno, na wenye moto wameacha wateja.

Mama Vahwere alingoja mpaka pumzi ya Honorine ikapungua. Kisha akauliza kitu kimoja tu.

«Nani aliiona ikiruka?»

Honorine akasema watu wote waliiona. Mimi nikasema mimi pia. Hippolyte pia.

«Mulikuta iko juu. Ninauliza, nani aliiona inatoka chini, inaenda juu?»

Ninakumbuka nikaangalia viatu vyangu. Nikamuona dada yangu pia anaangalia viatu vyake. Na hapo sauti ya Bernadette ikatoka, ndogo, sauti ya mutu anayeuliza bei.

«Mimi njo nilikuwa ninaipandisha.»

Tukageuka wote.

«Panya zilianza kuila vidole,» Bernadette akasema. «Tangu mvua inyeshe panya zimeingia. Kuku yangu ilale chini namna gani? Kila jioni ninaibeba ninaiweka juu. Sikujua kama ni ile njo munaangalia. Hakuna mutu aliniambia.»

Na ni kweli. Siku ya sheria yeye alikuwa nyuma ya nyumba, hakutaka kusikia kuku yake ikilia. Sheria ya fito hakuisikia. Na siye kwa miezi ile tulimueleza bei ya unga, tulimueleza vita ya makanisa, lakini sheria ya kuku, mutu anayechunga kuku, hakuna aliyemueleza.

Watu wa njia walicheka mpaka mumoja akaketi chini. Mama Vahwere hakucheka. Akamwambia Honorine: «Basi Pasaka mumutume Bernadette akimbie. Yeye njo alipanda.» Halafu akamushika goti tena, palepale mbele ya watu, na hakuwa na huruma. Alikuwa amesema ukikimbia mbele usirudi, lakini aliendelea kuchua. Nilipomukumbusha, akaniuliza kama mimi pia niko na kitu ninataka kukunjiwa.

Honorine hakusema na Bernadette wiki nzima. Chumvi ilikuwa inapita kwangu. Mwambie mutu fulani anipe chumvi. Mwambie mutu fulani chumvi iko mbele yake. Mimi nilinona wiki ile, juu wale wawili walikuwa wanasahau nyama wakingoja nani ataangalia kwanza.

Pasaka ikafika, na kesho yake mbio. Kuku, chini. Honorine, chini.

Nilidhani atalala kutwa na uso kwa ukuta. Hapana. Asubuhi mapema alichukua fimbo na akapanda mulima, pole pole, mbele ya watu wa mbio, mpaka Shingo. Akaketi pale kando ya njia. Nilimuuliza baadaye alienda kufanya nini. Akasema alienda kuangalia kama jiwe inaweza kusukuma mutu. Alikuwa ameiangalia jiwe ile, akaigusa na fimbo, na akaona mvua imechimba udongo chini yake upande wa kuume. Ilikuwa inacheza sawa jino ya mutoto. Upande wa kushoto kulikuwa mwamba ya kweli.

Arlette akatokea juu, peke yake, Espérance mbali nyuma. Fort Portal ilikuwa mufukoni mwake. Anashuka, anashuka, na hapa Honorine anasimama na fimbo yake na anapiga kelele: «Kushoto. Pita kushoto.»

Sasa jiwekeni katika viatu vya Arlette. Mutu anayekutukana kila asubuhi kwa jina ya kuku, umemukuta ameketi na fimbo mahali palepale alipoumia, siku yenyewe ya mbio, na anakwambia upite kushoto. Weye utapita wapi?

Alipita kuume.

Arlette mpaka leo anaapa ya kama Honorine alisema kuume. Honorine anaapa kushoto. Mimi nilikuwa chini kidogo, kwa mama mumoja anayeuza mandale, lakini masikio yangu ni ya mwindaji, na nilisikia kushoto. Nilisikia pia ile kak.

Goti ya Arlette ilikuwa ileile, ya kuume. Hippolyte na wanaume walikuwa wamepita zamani. Espérance akafika, akasimama, akauliza kama wanaomba musaada. Wote wawili wakamufukuza kwa sauti moja. Ni mara ya kwanza walikubaliana. Espérance akaomba ruhusa, akapita kushoto, akaendelea vile anaendeleaga, mutu wa kurudisha sahani. Njo yeye alitangulia. Njo yeye alienda Fort Portal. Aliporudi tukamuuliza milima ya Uganda iko namna gani, akasema iko muzuri, walimupa ndizi.

Na wale wawili? Walishuka pamoja. Miguu mizuri mbili, fimbo moja. Mumoja anamushika mwenzake shingo, na kama mutu angekuwa mbali angesema angalia dada wawili. Lakini siye tuliokuwa chini tulisikia. Ulinisukuma. Ulinidanganya. Usinivute nywele. Nywele gani, hii ni nyuzi ya masini. Walitukanana kutoka Shingo mpaka kwenye kiwanja, hawakuruka hata ukoo moja. Honorine alikuwa ametembea nusu ya njia bila kuchechemea sana, na hakuona, juu ya kutukana.

Mama Vahwere alikuwa anangoja pale mbio inaishia. Alikuwa amevaa liputa yake ya sikukuu, ya kumupokea mutoto aliyeshinda. Akaangalia goti moja. Akaangalia goti ya pili. Nilidhani atamupiga mumoja wao, na nilikuwa nimeshasogea ili nione muzuri.

Akasema tu: «Kuku ya pili iko wapi?»

Njo vile kuku zikakuwa mbili katika nyumba moja ya kuku, kwa Mama Vahwere, juu hakutaka tena kusikia habari ya panya wala ya Bernadette. Nyekundu ilikuwa ya Arlette. Munaweza kuwaza aliiita jina gani. Asubuhi kartie nzima ilikuwa inasikia: Honorine, simama, muvivu. Arlette, panda, usiangalie huyu. Na wenye majina wameketi kwenye mukeka moja, majani ya moto magotini, hawaangaliane.

Nyeusi yetu iliruka kwanza. Jioni, mvua imekatika. Mama Vahwere alikuwa ametuketisha wote pale kuangalia, na Bernadette alikuwa amewekwa mbali, mikono mapajani. Ikatembea mpaka chini ya fito. Ikainamisha kichwa. Tukasogea mbele, hata Arlette. Ikakunja ile muguu, ikaruka, ikakosa, ikaanguka kwa matako. Ikaamuka, ikamuangalia Honorine sawa yeye njo mukosaji. Ikaruka tena, na ikashika. Bernadette akalia. Honorine akasimama, akaenda mpaka kwake, akamwambia: «Tanti, tuende nyumbani, panya zinakungoja.» Kwa Honorine, ile ni barua ya msamaha yenye muhuri.

Mama Vahwere akafungua kitambaa cha goti, akakitupa kwenye moto, akasema kesho ukimbie, na ukianguka usitaje jina yangu. Arlette kutoka kwa mukeka akasema mwaka kesho tutaonana Shingo. Honorine akajibu atamungojea pale, upande wa kushoto.

Nguo ya kijani iko kwenye musumari mpaka leo. Ameiongeza mufuko ya tatu.

Na asubuhi ile ya kwanza, munafikiri nani alienda naye? Hippolyte alikuwa na mulango ya kuchomelea. Dada yangu aliogopa. Ni mimi, antrenere wake wa mate. Nilifunga kamba za viatu, nilivua koti, na tukatoka Yambi kabla jua haijapanda, tukapita Mudzi Pela, yeye anakimbia na mimi ninakimbia, ninamwambia punguza, goti ni mutoto mudogo. Tulipoanza kupanda nikaona anachoka, basi nikatangulia ili nimukate upepo, na huku nyuma ninamusikia anasema noko, ningoje, na mimi miguu inazidi kufunguka, wamama wa mashamba wanauliza huyu muzee nani anamufuata, na tulipofika Shingo nilikuwa nimemuacha kama mita mia ine, nikaruka ile jiwe kwa muguu moja, hewani kabisa, nikageuka nikamuona kule chini sawa ku—

«Noko. Weye ulikuwa nyuma ya moto ya Didier, yule anayepakiza watu, na ulishuka mara mbili juu moto ilikataa kukupandisha na ile tumbo. Na kule Shingo moto haifike, ulibaki chini kwa mama ya man—»